Namna ya Kupokea Hoja Inayopinga Yako Unapoongoza Kikundi cha Kuweka na Kukopa

Mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa hana mshahara wala askari. Alicho nacho ni imani ya wanachama kumi na watano hadi thelathini, ambao kila wiki hununua hisa, huchangia mfuko wa jamii, kisha hushuhudia sanduku likifungwa kwa kufuli tatu ambazo funguo zake wamekabidhiwa watu watatu tofauti. Utaratibu huo uliwekwa ili mtu yeyote asiweze kulifungua peke yake. Miaka ya kuongoza kikundi chetu imenionyesha kwamba maamuzi nayo yanahitaji ulinzi wa namna hiyo, kwa kuwa mwenyekiti anayeamua huku wengine wakiitikia tu ni sawa na aliyeshika funguo zote tatu.

Jizoeze kusema mwisho. Kwetu, mkubwa akishatamka, mdogo huona aibu kumpinga mbele ya watu, hivyo utasikia "sawa, Mwenyekiti" ukadhani umekubaliwa. Eleza jambo bila kuonyesha upande wako, anza kuwauliza wanachama wapya na wenye hisa chache, ndipo uwafikie viongozi na wazee. Aliyenyamaza usimhesabu kuwa amekubali. Muulize kwa upole ni kitu gani kitamsumbua iwapo pendekezo litapita.

Mimi nilijifunza hayo baada ya kukosea. Vikao vyetu vilianza saa kumi jioni na wachelewaji walikuwa wengi, nikapendekeza faini ipandishwe kutoka shilingi 500 hadi 2,000. Wote waliitikia isipokuwa mama mmoja auzaye mboga sokoni, aliyesema, "Mwenyekiti, mimi sichelewi kwa dharau. Saa kumi ndiyo saa ya wateja." Nilimjibu kwa ukali kwamba katiba ni katiba, na faini ikapita. Wiki zilizofuata waliokuwa wakichelewa walianza kutuma udhuru na kubaki sokoni, na hisa zikapungua sandukuni. Ilinibidi nisimame mbele ya watu walewale, nimwombe radhi yule mama na kuomba hoja yake ijadiliwe upya. Kikao kilisogezwa hadi saa kumi na mbili, faini ikarudi ilivyokuwa, na mahudhurio yakatengemaa. Kumwomba radhi kando kungekuwa kwepesi zaidi kwangu, lakini walioniona nikimkemea hadharani wasingejua kwamba kunipinga kunaruhusiwa.

Unaposikiliza, irudie hoja ya mpingaji kwa maneno yako mpaka mwenyewe akiri kuwa ndivyo alivyokusudia. Zoezi hili ni gumu, kwani mara nyingi mtu anapozungumza sisi tumekwisha kuanza kutunga jibu. Vilevile, ipime hoja pasipo kumpima msemaji: mwanachama aliyechelewesha marejesho anaweza kuwa ndiye anayefahamu kuliko wote kwa nini ratiba ya marejesho haiendani na msimu wa biashara zao, na deni lake haliifanyi kauli yake kuwa ya uongo.

Wala usiione kura kuwa imemaliza mjadala. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni ya wananchi kuhusu kuendelea na chama kimoja au kuingia vyama vingi, ilikuta takriban Watanzania wanane kati ya kumi waliotoa maoni wakitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kikundi si taifa, nasi hufuata kura za wengi, ila wachache wanastahili kuandikwa. Mwombe katibu aingize katika kumbukumbu hoja iliyoshindwa pamoja na tarehe ya kuipitia tena. Na pale mvutano unapokuwa mkali, kubalianeni kulijaribu pendekezo kwa vikao vinne kabla ya kugusa katiba.

Kuna wakati mmoja tu ambao ningekushauri usifungue mjadala, nao ni fedha zikiwa mezani, hasa siku ya mgao, yaani siku wanachama wanapogawana walichoweka pamoja na faida yake, kwa sababu kanuni ikibadilishwa hapo kila mmoja anajua itampa au kumnyang'anya kiasi gani. Mtu akileta wazo jipya wakati wahesabu fedha wanaendelea na kazi, mshukuru, mwombe asubiri, na katibu aliandike mbele yake liwe ajenda ya kwanza ya kikao kinachofuata.