Kabla hujamwambia bosi una ujauzito

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania hairuhusu mtu kuachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito. Bosi anayelijua hilo hataliandika neno hilo kwenye barua. Ataandika "utendaji usioridhisha" au "kupunguza wafanyakazi". Kazi yako ni kuweza kuonyesha mambo yalivyokuwa kabla tumbo halijaonekana.

Kusanya makaratasi ungali kazini, maana siku ya kufukuzwa huenda hata mezani kwako usifike. Mkataba, hati za mshahara, tathmini ya mwaka jana iliyokusifia. Kama mkataba wako ni wa muda na umewahi kuongezwa, barua hizo nazo ziweke, kwa sababu kunyimwa mkataba mpya uliokuwa na haki ya kuutarajia nako huhesabika kuwa kuachishwa. Zikae nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi.

Taarifa ya likizo ya uzazi itoe kwa maandishi, angalau miezi 3 kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Kumnong'oneza bosi kwenye korido hakutoshi, hata akikupongeza. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Kinachowaponza wengi ni barua ya kujiuzulu. Unaitwa, mlango unafungwa, unasogezewa karatasi na kalamu. "Saini tu, dada, tukulipe chako ukapumzike." Usisaini. Sema utaisoma nyumbani. Jioni hiyohiyo andika kwenye daftari tarehe, saa, waliokuwemo na maneno yenyewe, hata yale ya "siku hizi unachokachoka".

Ukiwa na chini ya miezi 6 kazini, kifungu cha kuachishwa isivyo halali hakikuhusu, ila marufuku ya ubaguzi inakulinda bado.

Ukishaachishwa, una siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kwa fomu namba 1. Mbele ya Tume, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali. Lakini "njoo wiki ijayo tuongee" za afisa utumishi hazisimamishi hesabu ya siku hizo.