Somo: Kupima usikivu wa watoto wa awali na darasa la kwanza bila kudanganywa na macho yao

Walimu wenzangu, habari za kazi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kupima masikio shuleni nilimpitisha mtoto asiyesikia. Alikuwa darasa la kwanza, mchangamfu, na kila mwalimu alimwita mtukutu. Nilimkalisha akiwa amenipa mgongo, kama nilivyofundishwa. Kila nikibonyeza kitufe cha mashine inayopeleka sauti kwenye hedifoni alizovaa, yeye anatumbukiza kizibo cha soda koponi kuonyesha amesikia: ko! Nikabonyeza, ko! Nikaandika "amepita". Wakati wa kukunja vifaa ndipo nilipoona waya wa hedifoni umechomoka kwenye mashine, sijui tangu saa ngapi. Mbele ya kiti chake kulikuwa na kabati la vitabu lenye milango ya vioo, na kiwiko changu kilionekana humo vizuri kabisa.

Mtoto yule hakuwa na hila. Ndivyo alivyokuwa akiishi: anamtazama mwenzake, akifungua daftari naye anafungua, wakisimama naye anasimama. Mtoto mwenye upungufu wa kusikia anayefika darasa la kwanza bila kugunduliwa ameshajifunza kusikia kwa macho. Kwa hiyo karibu yote nitakayoandika hapa chini ni namna ya kuyaweka macho hayo pembeni kwa dakika tano.

Hatua ya kwanza: chumba

Tafuta mahali mbali na jiko la shule, barabara, mashine ya kusaga na uwanja. Stoo yenye maboksi ya vitabu mara nyingi hufaa kuliko darasa tupu, maana darasa tupu lina mwangwi. Pima asubuhi, kabla ya mapumziko. Mvua ikianza kupiga bati, funga kazi, hakuna ujanja.

Kabla mtoto wa kwanza hajaingia, vaa hedifoni mwenyewe. Sikiliza sauti za hezi (kipimo cha wembamba au uzito wa sauti) 1000, 2000 na 4000 kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20, sikio moja moja, huku ukitingisha waya kuona kama sauti inakatika. Kama wewe mwenye masikio mazima huzisikii, chumba hicho hakifai au mashine ina tatizo. Tena mashine ipelekwe kusawazishwa, yaani kuhakikiwa kwamba namba zake ni za kweli, kila mwaka hata kama inaonekana nzima.

Halafu kaa kwenye kiti cha mtoto. Kaa kweli, uinamie urefu wake. Tazama mbele: kuna kioo? Dirisha? Runinga iliyozimwa? Jua likiwa nyuma ya meza yako, kivuli cha mkono wako kinaangukia ukuta gani? Mimi sasa namkalisha mtoto ubavu, nauona uso wake, na vitufe nimevizungushia boksi la chaki.

Hatua ya pili: tazama sikio kwanza

Vuta sikio taratibu juu na kwa nyuma, mulika kwa tochi. Mwenye otoskopu, kile kifaa cha kuchungulia ndani ya sikio, na ujuzi wake ataona zaidi, lakini hata tochi tu itakuonyesha usaha, nta iliyoziba, punje ya hindi, shanga au kipande cha kifutio. Usichokonoe. Punje na maharage yasipigwe maji, yatavimba na kukaza. Betri ndogo ya saa au ya kitu cha kuchezea ni hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu inaunguza nyama ya ndani.

Sikio linalotoa usaha usilivishe hedifoni. Huyo hahitaji kipimo chako ili apewe rufaa. Usaha uliotoka siku 14 au zaidi umeshakuwa sugu, na uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni dharura, usisubiri Jumatatu.

Hatua ya tatu: mfundishe mchezo

"Ukisikia, inua mkono" inawachosha watoto wa miaka mitano haraka. Mpe vizibo na kopo. Mimi huwaambia kuna ndege mdogo sana amejificha ndani ya hedifoni, akilia hata kidogo, tumbukiza kizibo. Anza na hezi 1000 kwa desibeli 40, mshike mkono mara mbili mtumbukize pamoja, kisha mwache. Hakikisha ameelewa kabla hujashusha sauti.

Hereni na miwani zitoke. Ushungi usogezwe hadi masikio yabaki wazi, kitambaa kisikae kati ya sikio na hedifoni. Awepo mwalimu wa kike wa kusaidia hapo, na mlango ufungwe. Nyekundu ni sikio la kulia, buluu kushoto. Futa hedifoni kwa spiriti kila mtoto.

Hatua ya nne: pima

Shusha hadi desibeli 20. Sikio la kulia hezi 1000, 2000, 4000, kisha kushoto vivyo hivyo. Kila sauti idumu sekunde moja au mbili, na ajibu angalau mara mbili kabla hujamhesabia. Hezi 500 tunaiacha kwa sababu ni sauti nzito, na mngurumo wa kawaida wa shule unaifunika hata kwa mtoto mzima.

Kosa kubwa hapa ni mdundo. Ukibonyeza kila baada ya sekunde tatu, mtoto ataushika kama ngoma na vizibo vitaingia vyenyewe. Badili: hesabu mbili, bonyeza, hesabu saba, bonyeza, kisha nyamaza kwa makusudi. Akitumbukiza wakati umenyamaza, anabahatisha, mrudishe kwenye mchezo. Uso wako pia ufunge. Kuna mwenzangu alikuwa akiinua nyusi kila akibonyeza, na darasa zima lilipita.

Akikosa sauti moja tu, sikio lolote, hajapita.

Hatua ya tano: kurudia na rufaa

Hajapita si sawa na hasikii. Mvue hedifoni, mweleze upya, mvishe vizuri, pima tena siku hiyohiyo. Akikosa tena, mrudie baada ya wiki mbili, kwa kuwa mafua huacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio na mengi hukauka yenyewe. Akikosa na safari hiyo, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwenye daftari andika moja ya haya: amepita, arudiwe, apelekwe, hakuweza kupimwa. Neno "bubu" lisitoke kinywani mwako kabisa, na "kiziwi" usimpachike mtoto ambaye daktari hajamwona.

Na tafadhali, kabla hujapima, ujue utawapeleka wapi. Daftari lenye majina kumi na mawili ya "apelekwe" halafu likafungiwa kabatini ni kazi bure. Jua siku za kliniki za hospitali ya mkoa na nani atawapigia wazazi.

Kama huna mashine

Tumia mnong'ono, ukijua kwamba upungufu mdogo utakupita. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani kama sentimita 60. Kwenye sikio usilolipima, sugua kwa kidole kile kinundu kilicho mbele ya tundu ili kuliziba. Toa pumzi yote kwanza, ndipo unong'one maneno matatu, naye ayarudie. Akikosea, mpe mengine matatu. Apate angalau matatu kati ya sita.

Chagua maneno yanayofanana irabu: paka, kaka, taka, sita, tisa. Irabu zina nguvu na ni nzito, hata mwenye upungufu huzidaka. Konsonanti kama s, t, k na f ni nyembamba na dhaifu. Mtoto anayerudisha "tisa" kila ukisema "sita" anakuambia jambo. Huyo ndiye anayekosa imla kila wiki na kuambiwa hana akili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa awali, Handeni: Shikamoo mwalimu. Wapo watoto hawaelewi mchezo kabisa, wanamimina vizibo vyote mara moja. Niwaandike wameshindwa?

Marahaba mwalimu. Hapana. Andika "hakuweza kupimwa" na mjaribu siku nyingine. Mwingize akamtazame mwenzake akicheza kwanza, kisha mbadilishane. Akishindwa mara ya tatu, mpeleke kwenye rufaa, maana kutoelewa maelekezo nako kunaweza kutokana na kutosikia.

Mama Pacha: Mwanangu anageuka simu ikilia na anacheza muziki ukiwashwa. Shule inasema hasikii vizuri. Naomba ufafanuzi, nimechanganyikiwa.

Pole mama. Simu na muziki ni sauti kubwa, tena muziki una besi inayotikisa hata sakafu. Anaweza kusikia hivyo vyote na bado akakosa "s" na "f" za mwalimu aliyesimama mbali. Mpeleke apimwe kamili, na siku hiyo umweleze daktari kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, surua au matumbwitumbwi, kama alipata manjano kali alipokuwa mchanga, au kama alichomwa sindano za gentamisini, dawa ya kuua bakteria, kwa muda mrefu.

Mwalimu, Mombasa: Shule yetu iko kando ya barabara, matatu zinapiga honi kutwa. Desibeli 20 hatusikii hata sisi walimu. Twaweza kupandisha?

Mnaweza kutumia 25 kwa watoto wote na mwandike hivyo kwenye daftari. Msipandishe kwa mtoto mmoja mmoja mpaka apite. Hata 25 isiposikika, hamisheni kazi, hata msikitini au kanisani saa zisizo za ibada. Kwenu Kenya watoto wanaokosa mnaweza pia kuwapeleka kwenye vituo vya tathmini vya elimu, EARC.

Kaka Fundi: Kuna programu za simu za kupima masikio. Si rahisi kuliko mashine?

Programu nzuri zipo, zikiwemo zilizotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, lakini zinakwenda na simu na hedifoni zilizosawazishwa pamoja. Ukichomeka zile za kuuziwa stendi, namba ya desibeli unayoiona kwenye kioo haina maana.

Mwalimu wa taaluma, Kigoma: Tumempata mmoja, sikio la kushoto tu halisikii. Mzazi anasema hilo moja linamtosha, hospitali ni mbali.

Linamtosha nyumbani kukiwa kimya. Darasani lenye watoto themanini atapata shida kujua sauti inatoka wapi. Leo hii mhamishe akae mbele, upande ambao sikio la kulia litamwelekea mwalimu, mbali na dirisha. Na mzazi usimwandikie barua, mwite. Mwache aketi kushoto kwa mwanawe na amnong'oneze jina lake mwenyewe.

Dada wa Moshi: Akigundulika hasikii kabisa, ndiyo basi, shule ya viziwi?

Inategemea kiasi, dada. Wapo wanaosaidiwa na shime sikio, kile kifaa cha kukuza sauti, wakabaki darasani mwao. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa ndani ya sikio mwaka 2017, ila hufaa zaidi mtoto akiwahiwa angali mdogo sana. Asiyenufaika na hivyo anahitaji Lugha ya Alama mapema, na shule kama Buguruni, Tabora na hapo jirani kwenu Mwanga zina walimu wake. Kinachomwumiza mtoto ni kukaa miaka mitatu darasani bila lugha yoyote.

Mwalimu wa awali, Handeni: Samahani, la mwisho. Vizibo niweke vingapi?

Ishirini au zaidi. Majibu ya kawaida ni kama kumi na mawili, na ukiweka kumi na mawili, mtoto akibakiwa na viwili atavitumbukiza haraka ili akacheze. Na kopo liwe la plastiki. La bati linawaita watoto wengine mlangoni.