Kufunga tela la kempingi nyuma ya pikapu bila kuhatarisha familia

Wakuu, kuna jamaa hapa Dallas kanunua tela la kempingi la futi 28, kalifunga kwenye pikapu kaingia nalo haiwei, kufika maili 60 kwa saa tela likaanza kuyumba kushoto kulia mpaka watoto wakapiga mayowe. Nikamsaidia, na kwa vile wengi wameniuliza naandika hapa mara moja. Huku wengi wetu tunaendesha malori kwa hiyo tunajiona tela tunalijua, ila semi uzito wake unakaa juu ya ekseli za hosi (kichwa cha lori), hili linaning'inia nyuma ya bampa mbali na ekseli, pua (ile ncha ya mbele ya tela inayokaa kwenye gari) ikiwa nyepesi basi tela ndio linaendesha gari.

1. Soma stika ya mlangoni

Fungua mlango wa dereva, kuna stika ya rangi nyeupe na njano inasema abiria na mizigo jumla wasizidi paundi kadhaa. Hiyo ndio namba yako. Muuzaji atakwambia pikapu inavuta paundi 10,000, sawa, lakini kabla hujafika huko stika ya mlangoni itakuwa imeshakukatalia. Tuseme imeandikwa 1,450. Familia ya watu watano 650, kiungio chenyewe 90, pua ya tela inakandamiza 800, tayari 1,540 na hujaweka kuleri wala mkaa. Na ule uzito ulioandikwa kwenye brosha ya tela sahau kabisa, mara nyingi ni wa tela tupu, hauna maji, vyombo wala chakula.

2. Pakia

Vizito viwe chini na mbele kidogo ya ekseli, kama asilimia 60 ya mzigo uwe mbele, na ugawe kushoto na kulia. Nyuma kabisa weka mito na mablanketi. Jenereta na baiskeli kwenye bampa ya nyuma ya tela mimi sizitaki hata kwa dawa. Maji nayo ni mzigo, galoni moja ni kama paundi 8.3, tanki la galoni 40 likijaa ni zaidi ya paundi 330, kwa hiyo jua tanki lako liko mbele au nyuma ya ekseli. Mimi nasafiri na maji kidogo, najaza nikifika.

3. Pima uzito wa pua

Hapa msiruke. Pua inatakiwa ikandamize asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Chini ya hapo ndio kuyumba, ikizidi unashusha nyuma ya gari, mbele kunakuwa kwepesi, usukani na breki vinapungua nguvu. Watu wanakisia kwa macho eti gari limekaa sawa. Macho hayapimi.

Nenda CAT Scale, mizani ya kulipia, zipo kwenye vituo vingi vya malori, na sio kama ile mizani ya Vigwaza kule Tanzania, hapa hakuna wa kukupiga faini, unalipa unapewa karatasi yako. Tafadhali usiende jioni wakati madereva wanagombania paking, nenda asubuhi. Tairi za mbele za gari sahani ya kwanza, za nyuma sahani ya pili, za tela sahani ya tatu, familia yote ndani. Pima mara tatu: gari na tela na zile baa za kugawa uzito (vyuma vya kwenye kiungio) zimefungwa, halafu baa zimefunguliwa, halafu ukaegeshe tela pembeni (weji kwanza!) urudi na gari peke yake.

Mfano. Gari peke yake: mbele 3,250, nyuma 2,950, jumla 6,200. Na tela, baa zimefunguliwa: mbele 2,900, nyuma 4,100, jumla 7,000, ekseli za tela 6,000. Pua ni 7,000 toa 6,200, yaani 800. Tela zima ni 6,000 jumlisha 800, sawa na 6,800. Mia nane kwa hiyo ni karibu asilimia 12, safi.

Ila ona mbele pamepoteza paundi 350. Kazi ya baa ni kurudisha sehemu ya huo uzito mbele, kiasi gani inategemea gari, soma kitabu chake, usikaze mpaka mwisho kwa sababu tu jirani kakwambia. Na baa haziongezi namba ya kwenye stika hata paundi moja, hapo nimebishana na watu sana. Pua ikiwa nyepesi hamisha mizigo kwenda mbele, upime tena. Kifaa cha kuzuia kuyumba nakipenda, nanunua kiungio ambacho tayari kinacho ndani, ila hakitibu mpakio mbaya.

4. Funga

Kurudi rivasi mnajua. Hakikisha boli (ule mpira wa chuma kwenye kiungio) ni saizi ya kikombe cha tela kinachoufunika, mengi ya haya yanatumia inchi 2 na 5/16, na boli ya inchi 2 inaingia humo vizuri tu, lachi inafunga, halafu unachomoka kwenye tuta la kwanza. Saizi zimeandikwa kwenye vyuma vyote viwili. Ukishafunga lachi weka pini, kisha pandisha jeki mpaka nyuma ya gari inyanyuke kidogo, kikombe kikiachia boli bora kiachie hapo nyumbani. Cheni zipishane chini ya kikombe. Ule waya wa breki ya dharura ufunge kwenye chesisi ya gari, sio kwenye cheni wala kwenye boli.

5. Plagi na breki

Taa zote, mtu asimame nyuma. Kontrola ya breki (kile kifaa cha ndani ya gari kinachowasha breki za tela) chukua ile inayohisi gari linavyopunguza mwendo, zile za kuhesabu muda hapana. Sehemu tupu, maili 20 hivi kwa saa, sukuma kitufe cha mkono cha kontrola, ongeza nguvu mpaka tairi za tela zinakaribia kujifunga, rudisha kidogo.

6. Barabarani

Upepo wa tairi ujaze zikiwa za baridi kufuata stika ya tela. Baada ya maili 50 hivi simama ukaze nati za tairi kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), hasa kama tairi zilifunguliwa karibuni. Semi ikikupita utasikia inakuvuta, hiyo kawaida. Likianza kuyumba kweli usikanyage breki ya mguu wala usiongeze mafuta, achia mafuta, shika usukani sawa, sukuma kile kitufe cha breki za tela peke yake. Likitulia toka pembeni, ufungue ukaangalie mizigo imekaaje.