Sarafu Yenye Kosa la Kiwandani au Iliyoharibiwa Mtaani?

Hapa Tanga sarafu za kale hazikauki: heller za Mjerumani, senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu, shilingi za enzi za Mwalimu. Nyingi zina ila, na kila ila hunadiwa kuwa ni kosa la mtambo. Kabla hujatoa pesa yako, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Usiisafishe. Ndimu, majivu na dawa ya meno hula uso wa madini, na ushahidi wote uko usoni. Maji ya uvuguvugu yanatosha, kisha ikaushe.

Hatua ya 2. Ipime kwa mizani ya sonara. Heller moja ya shaba ina gramu 4. Ikiwa nyepesi huku maandishi yamefifia kila upande, imesagika au imeliwa na chumvi. Zetu za pwani nyingi ziko hivyo. Ikiwa nyepesi na maandishi yamesimama vizuri, endelea kuichunguza, huenda kisahani chenyewe, yaani kipande cha madini kabla hakijagongwa kuwa sarafu, kilikuwa chembamba.

Hatua ya 3. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kiwandani kisahani hukatwa, hutobolewa kama sarafu ni ya tundu, ukingo wake hupandishwa, ndipo kinagongwa kati ya mihuri miwili. Jiulize ila uliyoiona ingetokea katika hatua ipi. Usipoipata, imetokea mtaani.

Chukua pengo pembeni. Likiwa la kiwandani, maandishi hufifia kadiri yanavyolikaribia, na mara nyingi ukingo wa upande wa pili, mkabala nalo, huwa dhaifu, kwa kuwa ukingo ulipokuwa ukipandishwa pale hapakuwa na madini ya kuukandamiza. Aliyekata kwa tupa huacha herufi zimekatika ghafla na ukingo wa mkabala uko imara.

Tundu nalo lina siri yake. Rupia nyingi zilitobolewa ziwe vidani: utaona picha imekatwa na msumari, na upande mmoja madini yamejikunja. Lakini senti kumi ambayo tundu lake limekaa kando, au haina tundu kabisa, hilo ni kosa la kweli.

Mstari uliotuna huenda ni ufa wa muhuri, kwani madini hujaa ndani ya ufa. Mstari uliozama wenye kingo zilizoinuka ni mkwaruzo, basi.

Herufi zinazoonekana mbili zinahitaji kioo cha kukuzia cha sonara. Kivuli bapa kilicholala chini kama ngazi ni muhuri kuteleza wakati wa kugonga, hakina thamani. Herufi ya pili iliyo mviringo na kamili, ncha zake zimegawanyika, ni muhuri uliochongwa mara mbili.

Hatua ya 4. Ijue sarafu ya kawaida ya aina hiyo. Heller 20 za Tabora za mwaka 1916 ziligongwa vitani kwa mihuri ya kuchongwa kwa mkono, za shaba nyekundu na za shaba ya njano. Kugongwa kusiko sawa ndiyo hali yake, wala taji dogo au kubwa si kosa bali ni aina zake zinazojulikana. Ukiwa nayo mkononi, iweke kando ya nyingine ya mwaka huohuo, mwanga ukitokea ubavuni, uzilinganishe herufi kwa herufi.