Chuo Huanzia Kidato cha Tatu: Mwongozo kwa Mzazi

Katika shule za sekondari za Tanzania, kidato cha tatu ni mwaka usio na mtihani wa taifa. Upimaji wa kidato cha pili umekwisha, mtihani wa kidato cha nne unaonekana kuwa mbali, na nyumbani kila mtu hupumua kidogo. Wazazi wengi hushtuka mwaka unaofuata, mtoto akiwa amebakiza miezi michache, na wakati huo mambo mawili yanayogusa chuo moja kwa moja huwa yamekwisha kuamuliwa bila kelele: masomo anayosoma, na majina aliyosajiliwa nayo Baraza la Mitihani.

Anza na masomo. Kwa utaratibu uliozoeleka, mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu huchagua mchepuo, yaani kundi la masomo kama sayansi, sanaa au biashara, na anaweza kuacha Fizikia na Kemia huku Hisabati na Bayolojia zikibaki za lazima. Shule iliyokwisha kuingia katika mtaala ulioboreshwa ina mpangilio wake, kwa hiyo mwalimu wa taaluma ndiye wa kuulizwa kwanza. Popote alipo, mtoto asiache somo kwa sababu tu rafiki zake wameliacha au mwalimu wake ni mkali. Chukulia binti anayetaka kuwa tabibu lakini Fizikia inamtoa jasho. Akiliacha somo hilo, hatapata nafasi ya udaktari, ambao chuo kikuu hudai Fizikia, Kemia na Bayolojia za kidato cha sita. Na hata stashahada ya utabibu, ambayo wengi huiona kuwa njia ya akiba, huuliza ufaulu wa Fizikia wa kidato cha nne. Kwake yeye, D ya Fizikia ina thamani kuliko kutokuwa na Fizikia kabisa.

Njia nzuri ya kulijadili jambo hili ni kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaopatikana bure kwenye tovuti yake, na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi, hutoa wa vyuo vya kati. Jumamosi moja, mkiwa na bando la kutosha, pakueni mwongozo huo na mwachie mtoto mwenyewe atafute programu tatu zinazomvutia, kisha asome kwa sauti sifa za kujiunga. Umeandikwa kwa Kiingereza, na hilo lina faida yake, kwa kuwa lugha hiyo ndiyo atakayosomea chuoni. Mtagundua mambo ambayo ushauri wa jumla haumwambii mtoto. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kutoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili makuu, yaani ya tahasusi, mchanganyiko wa masomo matatu anaosomea kidato cha tano na sita, wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1, lakini programu nyingi zinataka zaidi ya hapo. Mtaona pia kwamba baadhi ya programu za biashara na uhasibu hurudi kuuliza Hisabati ya kidato cha nne. Mtoto aliyekwisha kuisusa Hisabati moyoni, akiiandikia mtihani kwa kutimiza wajibu tu, anapaswa kuliona hilo kwa macho yake. Nasaha za mzazi pekee hazitoshi.

Baada ya hapo chukua ripoti ya muhula na uisome kwa viwango vya Baraza: A huanzia alama 75, B 65, C 45 na D 30. Daraja la C ni pana mno, na wastani unaoandikwa chini ya ripoti huficha mengi. Mwanafunzi mwenye 62 ya Kemia anahitaji alama tatu tu apate B, ilhali mwenye 46 anaweza kupanda hadi 60 na bado akabaki na C ileile. Daraja la jumla la mtihani wa kidato cha nne hutokana na masomo saba bora, na daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, kwani hapa A ni pointi 1 na pointi chache ndizo bora, lakini kuingia kidato cha tano hutegemea pia masomo matatu ya tahasusi anayoitaka. Kwa hiyo, kama fedha ya tuisheni inatosha somo moja au mawili, ielekezwe kwenye masomo ya tahasusi yaliyo ukingoni mwa daraja, na kwenye lile linalonyemelea F. Kumlipia mtoto tuisheni ya masomo yote tisa likizo nzima, kwa maoni yangu, ni kumchosha na kuutoboa mfuko.

Njia ya kidato cha sita si ya pekee, na mtoto alijue hilo mapema bila kulisikia kama tishio. Mwenye stashahada na GPA, yaani wastani wa ufaulu wa chuo, ya 3.0 anaweza kuomba shahada katika fani inayohusiana na aliyosoma, na kwa baadhi ya fani huingia chuo kikuu akiwa tayari ana ujuzi wa mikono.

Kuhusu fedha, kutoka Januari ya kidato cha tatu hadi kuripoti chuo kikuu kwa kupitia kidato cha sita ni karibu miaka mitano, muda unaotosha kuweka akiba ndogondogo. Usitegemee mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, peke yake, kwani si kila mwombaji hupata na kiasi hutofautiana.

Mkopo huo ndio unaonirudisha kwenye majina. Mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko, na hutumia namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Ikiwa cheti kinasema Ally na shule imeandika Ali, au cheti kina majina mawili na shule ina matatu, familia huishia kwa wakili ikitafuta kiapo huku dirisha la maombi likielekea kufungwa. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo kama kipo, na matokeo ya kidato cha pili, ulinganishe herufi kwa herufi. Asiye na cheti aanze kukishughulikia sasa, na yatima aandaliwe pia cheti cha kifo cha mzazi. Tofauti yoyote ipelekwe shuleni kwa maandishi kabla ya kidato cha tatu kwisha, na usajili wa kidato cha nne utakapofika, mwombe mwalimu akuonyeshe orodha kabla haijatumwa, uangalie jina la mtoto na masomo yaliyoandikwa mbele yake.