Gari la Mwaka wa Kwanza wa Toleo: Namna ya Kuamua Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Mwanza anayetafuta gari la umbo jipya kwa bei anayoimudu, mara nyingi huletewa gari lililotengenezwa mwaka uleule ambao umbo hilo lilianza. Jambo hili halitokani na hila ya dalali. Nchini Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika tunayoyaendesha hapa, gari dogo jipya hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, na kuanzia hapo kila baada ya miaka 2. Wamiliki wengi huona afadhali kuliuza gari kuliko kugharimia ukaguzi mwingine, na ndiyo maana magari huwa mengi kwenye minada yanapofikisha miaka 3, 5 au 7. Basi umbo jipya linapoanza kuingia mnadani, yanayotangulia ni yale ya mwaka wa kwanza, na hata miaka mingi baadaye hayo ndiyo yanayokuwa na bei ya chini kuliko wenzake wa umbo hilohilo. Bei hiyo ndiyo inayomvuta mnunuzi, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Kuuliza kama toleo la mwaka wa kwanza linafaa au halifai ni kuuliza jambo pana mno. Swali linaloweza kujibiwa ni hili: katika mwaka huo, ni kitu gani hasa kilichokuwa kipya ndani ya gari hilo? Likiwa umbo tu, taa na viti, mnunuzi hana sababu kubwa ya kuogopa. Ikiwa injini au giaboksi nayo ilikuwa inatoka kwa mara ya kwanza, basi aliyelinunua gari hilo awali alishiriki katika majaribio bila kuombwa ruhusa, na wewe unakaribishwa kuyaendeleza.

Kiwanda hulijaribu gari kwa muda mrefu kabla ya kuliuza, lakini majaribio hayo hufanywa kwa magari machache, na madereva wake ni watu waliofunzwa kazi hiyo. Likiingia sokoni linakutana na maelfu ya madereva wenye tabia tofauti, joto tofauti na barabara tofauti, na huko ndiko kasoro zinakojitokeza. Nyingine hazitokani na usanifu bali na uzalishaji wenyewe, kwa kuwa mashine ni mpya, wasambazaji wa vifaa ni wapya, na wafanyakazi hawajazoea kazi. Kasoro ndogo hurekebishwa kimyakimya ndani ya miezi michache. Nyingine husubiri maboresho ya katikati ya toleo, ambayo kwa watengenezaji wa Japani huja baada ya miaka mitatu hivi. Na zile zinazogusa usalama hulazimisha magari kuitwa yarudi kwa marekebisho.

Mfano ulio wazi zaidi ni Honda Fit Hybrid ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Septemba 2013. Ilikuwa na injini mpya, mfumo mpya wa umeme, na giaboksi mpya ya gia saba yenye klachi mbili na mota ndani yake. Yaani karibu kila kitu kinacholisogeza gari kilikuwa kinatoka kwa mara ya kwanza kwa pamoja. Kufikia Oktoba 2014, Honda ilikuwa imetangaza kwa mara ya tano kwamba magari hayo yarudishwe, na rais wa kampuni pamoja na viongozi wenzake wakakubali kupunguziwa mishahara. Vezel Hybrid, iliyofuata Desemba 2013, ilitumia mitambo hiyohiyo. Magari haya sasa yana umri na bei inayoyawezesha kufika kwetu, na kwa nje ni vigumu kulitofautisha la mwaka 2013 na la mwaka 2016.

Jina kubwa nalo si kinga. Mwaka 2022 Toyota iliita magari yake ya umeme ya bZ4X yapatayo 2,700 wiki chache tu baada ya kuanza kuuzwa, kwa sababu boliti za magurudumu ziliweza kulegea hata gurudumu likachomoka. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo iliita nchini Marekani magari yapatayo 102,000 aina ya Tundra na Lexus LX 600 ya matoleo ya 2022 na 2023, kwa kuwa mabaki ya chuma yaliyotokana na uchongaji yaliweza kubaki ndani ya injini na kuharibu beringi zake. Land Cruiser 300 ya petroli yenye turbo inatumia injini ya familia hiyo. Hilo halimaanishi kwamba kila "300" unayoiona ikipita Capri Point ni mbovu. Linamaanisha kwamba mwenye fedha za kununua gari la namna hiyo naye anapaswa kuuliza maswali yaleyale anayouliza mnunuzi wa Vitz.

Sasa linganisha na Harrier ya kizazi cha tatu, iliyotoka Desemba 2013. Umbo lake lilikuwa jipya kabisa, na hapa mjini lilipoonekana liliwasisimua wengi. Hata hivyo injini yake ya petroli ya lita 2.0, yenye alama 3ZR-FAE, ilikuwa imeshatumika kwenye Noah na Voxy tangu mwaka 2007. Harrier ya mwaka wa kwanza, kwa upande wa injini, ni gari lenye uzoefu wa miaka sita. Mwaka 2017 toleo hilohilo liliongezewa injini ya turbo. Kwa hiyo mtu anayeikwepa ya 2013 na kukimbilia ya 2017 yenye turbo ndiye anayenunua mitambo iliyokuwa mipya kwa Harrier. Toyota IST ya mwaka 2002 nayo ni vivyo hivyo: ilitoka na injini za familia ya NZ ambazo Toyota ilikuwa imeanza kuzitumia kwenye magari yake mengine madogo miaka kadhaa kabla.

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anayetafuta kirikuu ana somo lake mwenyewe. Suzuki Carry ya umbo la sasa, yenye alama DA16T, ilianza mwaka 2013 ikiwa na injini ya R06A, ambayo Suzuki ilikuwa imeianza mwaka 2011 kwenye gari jingine dogo. Mwaka 2014 ndipo ilipoongezwa giaboksi ambayo kwa muundo ni ya gia za mkono, lakini klachi na gia hubadilishwa na mtambo unaoendeshwa kwa kompyuta. Kwa mtu anayebeba magunia kila alfajiri, kirikuu ya 2013 yenye klachi ya mguu ni chaguo la salama zaidi kuliko ile ya 2014 yenye mtambo huo, ingawa ya pili ni changa kwa mwaka mzima. Namba ya mwaka peke yake ingempotosha.

Ili kujua nini kilikuwa kipya, anza na kibati cha utambulisho. Katika magari mengi ya Japani kimebandikwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na kinaonyesha alama ya toleo, alama ya injini, aina ya giaboksi na namba ya chesisi. Nakili yote kama yalivyo, herufi kwa herufi, au piga picha. Ukiagiza gari kutoka nje, mwombe muuzaji picha ya kibati hicho kabla ya kuzungumzia bei. Kisha tafuta mtandaoni alama ya injini na alama ya giaboksi, kila moja peke yake, uone zilianza mwaka gani na kwenye gari lipi. Namba ya chesisi nayo inasema jambo: tarakimu zinazofuata alama ya toleo hupanda kadiri uzalishaji unavyoendelea, hivyo namba ndogo sana ni dalili ya gari la mafungu ya mwanzo. Usiutegemee mwaka wa usajili wa kwanza ulioandikwa kwenye nyaraka za Japani, kwa sababu gari lililotoka kiwandani Desemba 2013 linaweza kabisa kusajiliwa mwaka 2014.

Namba hiyohiyo ya chesisi itumie katika tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, penye sehemu ya kutafuta magari yaliyoitwa kwa marekebisho. Tovuti ni za Kijapani, lakini tafsiri ya simu inatosha kuelewa jibu: zinaonyesha kama gari hilo lilihusika, na baadhi zinaonyesha pia kama kazi ilikwisha kufanyika. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu baadhi ya marekebisho, kama yale ya Fit Hybrid, yalikuwa ya programu ya kompyuta ya gari, ambayo wakala wa mtengenezaji kule Japani huiweka bure lakini fundi wa kawaida wa Igoma au Mabatini hana namna ya kuiweka. Gari lililosafirishwa kabla ya kurekebishwa huja na kasoro yake, na haki ya kutengenezewa bure kwa vitendo inabaki kule. Ukaguzi huu utakusaidia pia kujua habari za mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyoitwa kwa marekebisho kwa kuwa kemikali yake huharibika kwa joto na unyevunyevu, vitu ambavyo ukanda wa ziwa haujawahi kuvikosa.

Karatasi ya mnada yenye alama nzuri za hali ya gari, kama 4 au 4.5, pamoja na ukaguzi wa ubora unaosimamiwa na TBS, hueleza hali ya gari hilo moja. Havisemi lolote kuhusu udhaifu wa usanifu wa toleo zima.

Nenda kwa fundi kabla ya kununua, si baada. Usimwulize kama gari ni zuri, kwa maana adabu itamfanya aseme zuri. Mwulize kama amewahi kufungua giaboksi ya alama hiyo, kama mashine yake ya kupimia inasoma mfumo wake, na spea zake zinapatikana wapi. Akijibu kwamba "tutajaribu", umeshajibiwa. Toleo likiwa geni nchini, hakuna magari yake yaliyokatwa kwa ajili ya spea za mtumba, hivyo kila kifaa hutafutwa kikiwa kipya. Kikipatikana Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kinapakiwa kwenye basi na wewe unakisubiri kituo cha mabasi cha Nyegezi. Mwenye gari la kwendea kazini ataivumilia hali hiyo. Mwenye gari la biashara, linalolala njaa siku lisipotembea, ahesabu na siku hizo za kusubiri.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme gari la mwaka wa kwanza limepungua shilingi milioni 2 kuliko la mwaka wa tatu wa toleo hilohilo. Mwulize fundi gharama ya giaboksi ya mtumba, pamoja na usafiri, mafuta yake na ufundi. Ikiwa mitambo ilikuwa mipya mwaka ule na gharama hiyo inafika milioni 2 na nusu, punguzo hilo halikutoshi. Ikiwa umbo tu ndilo lililokuwa jipya, punguzo ni faida yako halali, hata kama utasumbuliwa na kitasa au kelele za plastiki za dashibodi. Kwa anayeagiza mwenyewe, aingize pia kodi: TRA hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari madogo ya abiria yanayozidi umri wa miaka 8, na mzigo huo huongezeka yakizidi miaka 10, kwa hiyo gari la mwaka wa kwanza linaweza kuvuka mpaka huo wakati ndugu yake mdogo bado hajauvuka. Kikokotoo cha kodi ya magari kipo kwenye tovuti ya TRA. Weka miaka yote miwili ulinganishe jumla.

Gari likiwa tayari lipo yadini, liendeshe mahali panapolitesa. Liwashe likiwa la baridi, si baada ya muuzaji kulipasha moto. Lipandishe kilima cha Bugando polepole, simama katikati ya mwinuko, kisha ondoka tena. Giaboksi yenye klachi mbili ikiwa na matatizo itatikisika au itachelewa kushika hapo. Baadaye liingize kwenye foleni ya jioni ya barabara ya Kenyatta kuelekea Mkuyuni, ambako gari husogea hatua moja moja na joto la giaboksi hupanda. Ikiwa muuzaji anakubali safari ndefu zaidi, tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 unaweza kwenda Busisi na kurudi bila kusubiri kivuko. Kataa jaribio la kuzunguka yadi.

Kwa anayenunua chombo kipya kabisa, iwe pikipiki, bajaji au pikapu ya toleo lililoingia nchini mwaka huu, hakuna historia ya kuchunguza. Kinachobaki ni waranti. Isome yote, uone ni vifaa gani havimo, na ni nani mwenye idhini ya kufanya matengenezo. Waranti inayotekelezwa Dar es Salaam pekee, kwa chombo kinachofanya kazi Sengerema au Ukerewe, punguza thamani yake kichwani mwako kwa gharama ya kukisafirisha chombo hicho zaidi ya kilomita 1,000 na kukirudisha. Omba iandikwe kwenye ankara kwamba matengenezo ya waranti yatafanyika Mwanza, na kwa muda wa siku ngapi. Wakala akikataa kuliandika hilo, chukua toleo la zamani la chombo hichohicho, ambalo mafundi wa Buzuruga wameshalizoea, na usubiri wengine wamalize mwaka wa kwanza wa lile jipya.