Namna ya Kuchagua Kiachilio cha Upote kwa Uwindaji wa Upinde

Kiachilio ni kifaa kidogo kinachoushika upote wa upinde badala ya vidole, kisha kuuachia pale mwindaji anapobonyeza, kuvuta au kuzungusha sehemu yake moja. Wawindaji wengi hutumia muda mrefu kuchagua upinde na mishale, halafu huchukua kiachilio chochote kilichopo, ilhali hicho ndicho kitu cha mwisho kinachougusa upote kabla mshale haujaondoka. Mtikisiko mdogo unaotokea hapo huongezeka njiani, na matokeo yake huweza kuwa mnyama aliyejeruhiwa bila kufa, jambo ambalo kila mwindaji mwenye utu hulikwepa kwa nguvu zake zote. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba kiachilio cha kuwindia kichaguliwe kwa kufikiria dakika iliyo ngumu kuliko zote: vidole vimekufa ganzi kwa baridi, moyo unakwenda mbio, na mnyama amegeuza ubavu kwa sekunde chache tu. Kifaa kinachofanya vizuri uwanjani, mbele ya shabaha ya karatasi isiyokimbia, si lazima kifanye vizuri hapo.

Inafaa kwanza kuelewa kazi yake. Vidole vitatu vinapouachia upote, upote hauendi mbele moja kwa moja, bali huteleza kando ukizipita ncha za vidole, na mshale huanza safari yake ukipindapinda. Kiachilio huushika upote mahali pamoja padogo, hivyo mwendo huo wa kando hupungua sana. Wazo lenyewe ni la kale, kwani wapiga upinde wa Uturuki, Mongolia na Korea walivaa pete ya kidole gumba kwa karne nyingi ili upote uondoke kwa wepesi bila kuumiza ngozi. Hata hivyo, kifaa cha kisasa kimekua pamoja na upinde wa kapi, yaani ule wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake yanayopunguza uzito mtu anapofika mwisho wa kuvuta, ambao Holless Wilbur Allen alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1969. Pinde za kapi za kuwindia ni fupi, na upote wa upinde mfupi ukivutwa hadi mwisho hufanya pembe kali inayovibana vidole. Anayeupiga upinde wa namna hiyo bila kiachilio hujitafutia taabu isiyo na sababu.

Viachilio vinavyopatikana viko vya namna nne. Kipo kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono na kufyatuliwa kwa kidole cha shahada. Kipo kinachoshikwa kiganjani na kufyatuliwa kwa kidole gumba. Kipo cha bawaba, ambacho hakina kifyatulio bali huachia kinapozungushwa kidogo. Na kipo cha mvuto, ambacho huachia chenyewe mara nguvu ya kuvuta inapozidi kiwango kilichowekwa.

Kiachilio cha kifundo cha mkono ndicho kinachowafaa wawindaji wengi, nami sioni haya kukitetea ingawa wapo wanaokiona kuwa cha wanagenzi. Faida yake ya kwanza ni kwamba kimefungwa mwilini, kwa hiyo hakiwezi kuanguka kutoka jukwaani juu ya mti wala kusahaulika juu ya gogo. Faida ya pili ni kwamba uzito wa kuvuta hubebwa na kifundo cha mkono, si vidole, na hivyo vidole hubaki vimelegea hata kama vimepata baridi. Unapokichagua, anza na mkanda. Mkanda wa kunata wa velkro hufungwa haraka, lakini hutoa sauti ya kuchanika unapofunguliwa, na katika utulivu wa alfajiri sauti hiyo huweza kumfukuza mnyama aliye karibu. Isitoshe, mkanda huo haurudi mahali palepale kila siku. Leo utaukaza zaidi, kesho utaulegeza, na kila badiliko husogeza kifyatulio mbele au nyuma ya kidole. Mkanda wenye bizimu na matundu hauna kasoro hizo. Utaufunga kwenye tundu lilelile nyumbani, mazoezini na porini, juu ya shati jepesi au koti zito, na ikilazimu utatia alama tundu la kila vazi.

Baada ya mkanda, tazama urefu wa kiungo kinachounganisha mkanda na kichwa cha kiachilio, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukosea. Kiungo kikiwa kirefu mno, ni ncha ya kidole pekee itakayofika kwenye kifyatulio, na ncha ya kidole ina wepesi mwingi wa kuhisi, jambo linalomshawishi mtu kukichapa kifyatulio ghafla mara tu alama ya kulengea inapopita juu ya mnyama. Kiungo kifupishwe mpaka kidole kikizunguke kifyatulio kama ndoano, kifyatulio kikikaa karibu na kiungo cha kwanza cha kidole au nyuma yake kidogo. Hapo kidole hakina haja ya kujikunja zaidi. Unakigusisha tu, kisha unaendelea kuvuta kiwiko nyuma kwa misuli ya mgongo, na kifyatulio huachia bila wewe kuamua sekunde yenyewe. Kiungo cha utepe wa nailoni hukunjika kirahisi na hakitoi sauti kikigonga upinde, ilhali kiungo cha chuma hukaa wima na kumsaidia mtu kukipata kitanzi cha kamba kilichofungwa kwenye upote bila kutazama. Vyote viwili vinafaa, mradi urefu wake urekebishike na usilegee wenyewe. Chagua pia kichwa kinachoweza kukunjwa nyuma na kufichwa kwenye mkono wa koti, kwa maana utapanda, utashika kamba na utafungua mizigo ukiwa umekivaa.

Kuhusu mdomo wa kifaa, kuna wa ndoano iliyo wazi na kuna wa koleo lenye taya moja au mbili. Ikiwa upinde wako una kitanzi, yaani kile kipande kifupi cha kamba ngumu kinachofungwa juu na chini ya mkia wa mshale, ndoano ndiyo nyepesi kutumia, kwa kuwa unaitumbukiza tu huku macho yako yakibaki kwa mnyama. Koleo hufunga kabisa na haliwezi kuchomoka, ila huhitaji kufunguliwa au kusukumwa kwanza, na vidole vyenye glavu huweza kuhangaika. Iwapo hakuna kitanzi na unaushika upote wenyewe, tumia koleo lenye taya laini zisizo na makali, na ukague mara kwa mara uzi uliozungushiwa upote hapo, maana huo ndio unaolika kwanza. Binafsi nashauri kila anayetumia kiachilio afunge kitanzi, kwani kinauvuta upote kutoka nyuma kabisa ya mshale na kuuepusha na msuguano wa chuma.

Kiachilio cha kidole gumba kinastahili kufikiriwa kwa uzito na yule ambaye kidole chake cha shahada kimekwisha kuzoea kuchapa. Hofu ya shabaha, ile hali ya mtu kushindwa kutulia kwenye alama na kufyatua kabla ya wakati, haiponi kwa kununua chuma kipya, lakini kubadilisha kidole humpa mtu nafasi ya kujifunza upya. Kifyatulio chake hutakiwa kukaa kwenye shina la kidole gumba, si kwenye ncha, na mkono uvutwe nyuma huku kidole kikiwa kimetulia juu yake. Faida nyingine ni kwamba kiganja hutua vizuri zaidi kwenye taya, kwa hiyo mahali pa kutulia mkono hurudiwa kwa usahihi kila mara. Viko vya vidole viwili, vitatu na vinne. Mwenye mkono mpana au anayevuta upinde mzito hupata raha zaidi na cha vidole vinne, ingawa kidole kidogo hakipaswi kubeba mzigo mkubwa, kwani huupinda mkono. Kasoro yake kwa mwindaji ni kwamba hakijafungwa mwilini. Kifunge kwa kamba nyembamba kwenye kifundo cha mkono, au chagua chenye mdomo unaojifunga ili kibaki kimening'inia kwenye kitanzi huku ukingoja, lakini ukumbuke kwamba chuma kinachoning'inia huweza kugonga upinde.

Viachilio vya bawaba na vya mvuto ni walimu wazuri, na kwa wengi vingebaki huko huko mazoezini. Cha bawaba huweza kuachia katikati ya kuvuta ikiwa mkono utazunguka mapema, na hapo ngumi humrudia mtu usoni na mshale huenda kusikotarajiwa. Mwanagenzi asikiguse bila mwalimu kando yake. Cha mvuto ni salama zaidi kwa kuwa kina kizuizi ambacho kidole gumba hukibana wakati wa kuvuta, lakini hakikuachi uamue lini mshale uondoke. Chukua upinde wa paundi 70 unaopunguza uzito kwa asilimia 80: ukifika mwisho wa kuvuta, unashikilia paundi 14 tu, na kiachilio huwekwa kiachie nguvu ikizidi kidogo kiwango hicho. Mnyama akipiga hatua wakati tayari umeanza kuongeza nguvu, unapaswa kuwa na nidhamu ya kusitisha, kukibana kizuizi na kuanza upya. Wapo wawindaji stadi wanaoviweza viachilio hivi hata porini. Wao wamejizoeza muda mrefu, na anayetaka kuwafuata ajizoeze vivyo hivyo kabla ya msimu.

Ukishachagua namna inayokufaa, angalia marekebisho mawili: uzito wa kifyatulio na mwendo wake kabla ya kuachia. Kwa uwindaji usikiweke kiwe chepesi mno. Kifyatulio kinachoachia kwa kuguswa tu hupendeza mchana wa joto, lakini kidole kilichokufa ganzi, au kilichovaa glavu nene, hakitambui kimegusa lini. Kiweke kiwe kizito kiasi cha kukuwezesha kutua kidole juu yake bila wasiwasi, na mwendo wake uwe mfupi usio na mikwaruzo. Kijaribu ukiwa umevaa glavu zilezile utakazowindia. Tundu la kifyatulio likiwa dogo, glavu huweza kukibonyeza kabla hujataka. Hakikisha pia skrubu za marekebisho zina namna ya kukazwa zisisogee, na kama unatumia mkono wa kushoto, usikubali kifaa kilichotengenezewa mkono wa kulia pekee.

Kabla ya kukitia kwenye upinde, kijaribu kwa kamba. Funga kamba ngumu iwe duara lenye urefu unaolingana na mvuto wako, ishike kwa mkono wa upinde kama unavyoshika mpini, nasa kiachilio upande wa pili, kisha vuta na uachie mara nyingi. Zoezi hili litakuonyesha kama mkanda unakuumiza, kama mkono unatua taya palepale, na kama kifaa huachia bila kukusudia, bila hatari ya kuuachia upinde usio na mshale, jambo linaloweza kuuvunja. Ukihamia kwenye upinde, kila mara uvute ukiwa umeelekeza mshale kwenye shabaha salama, na kidole kiwe nyuma ya kifyatulio mpaka utakapolenga.

Jambo moja husahaulika: kiachilio kipya hubadilisha urefu wa kuvuta na mahali mkono unapotua, kwa hiyo jicho halitakutana tena na tundu la kuchungulia kwenye upote vilevile, na mishale itaangukia kwingine. Rekebisha upinde kwanza, ndipo urekebishe alama za kulengea, kwa umbali wote unaokusudia kupiga, ukiwa umevaa mavazi ya windo. Usibadilishe kiachilio siku chache kabla ya msimu kufunguliwa. Soma pia sheria za eneo unalowinda, kwa kuwa misimu mingine hutengewa pinde za jadi na vifaa vya namna hii haviruhusiwi.

Mwisho, nunua viwili vinavyofanana kabisa uwezo ukiruhusu, urekebishe cha pili kilingane na cha kwanza, upige nacho mishale ya kutosha kuthibitisha kwamba inafika palepale, kisha ukiweke kwenye mkoba wa windo. Baada ya mvua au vumbi, safisha mdomo wa kifaa kwa brashi laini, ukaushe, na utie tone dogo la mafuta yasiyoganda kwa baridi wala kutoa harufu kali ambayo mnyama angeinusa.